Kidonda sugu cha mguu na pampu ya kunyonya: mwongozo wa hatua kwa hatua

Kidonda kisichopona tumekipa jina la donda ndugu. Aliyewahi kukiuguza huelewa jina hilo bila kuelezwa: kinalala naye, kinaamka naye, kinakula alichonacho, na hakiagi. Basi siku anapoletewa pampu yenye mpira na kuambiwa kwamba itanyonya uchafu wote, huona ukombozi umefika. Mimi kazi yangu ni kufunga vidonda, na pampu hii naipenda kwa kiasi. Kuna jambo moja inaloliweza sana: kutayarisha sakafu ya kidonda ili nyama mpya iote. Haizibui ateri (mshipa unaoleta damu mguuni) iliyoziba, haizuii damu kurudi nyuma kwenye vena (mshipa unaoirudisha moyoni), wala haigundui saratani. Ndiyo maana hatua tatu za kwanza hapa chini hufanyika kabla pakiti ya sponji haijachanwa.

Mwongozo huu ni wa muuguzi au tabibu anayeanza kutumia kifaa hiki. Anayemwuguza ndugu yake nyumbani atapata sehemu yake katika hatua ya 7, ila asijaribu kufunga sponji kwa kusoma tu. Kazi hii hufundishwa kwa mikono.

Kinachotokea chini ya plastiki

Sponji au gozi (kitambaa chepesi cha kufungia vidonda) hujazwa kwenye kidonda, plastiki ya kunata hufunika juu, mpira huunganishwa, na pampu huvuta hewa mpaka shinikizo chini ya plastiki lishuke kuliko hewa ya nje, majimaji yakiingia kwenye kopo lake. Wataalamu huiita tiba ya shinikizo hasi. Wodini wengi husema VAC, ambalo ni jina la bidhaa ya kampuni moja lililogeuka jina la kila mashine. Kiwango kilichozoeleka ni milimita 125 za zebaki chini ya hewa ya kawaida. Hewa tunayoishi ndani yake, usawa wa bahari, ni milimita 760. Kwa hiyo kinachotolewa ni kama sehemu moja ya sita. Wanaodhani kidonda kimewekwa kwenye ombwe tupu wanaogopa bure.

Mvuto huo hufanya mambo kadhaa kwa pamoja. Kingo za kidonda husogeleana. Majimaji huondolewa, na majimaji ya kidonda sugu si maji tu: yamejaa vimeng'enya vinavyomeng'enya nyama changa ikingali inaota. Uvimbe wa tishu zilizo jirani hupungua. Tundu za sponji nyeusi, zenye upana wa nusu milimita hivi, huvuta nyama kidogokidogo kama zinaifinya, na seli zinazovutwa namna hiyo huchochewa kugawanyika. Juu ya yote, kidonda hukaa kimefungwa siku mbili au tatu bila kutoneshwa.

Namba 125 ina asili yake. Mwaka 1997 Louis Argenta na Michael Morykwas wa North Carolina, Marekani, walichapisha majaribio waliyoyafanya kwa nguruwe: katika kiwango hicho damu inayopita kwenye nyama ya jeraha iliongezeka mara nne, na walipofika 400 ikapungua kuliko ilivyokuwa mwanzo. Namba hiyo basi imetoka kwenye jeraha jipya la mnyama mzima wa afya. Haikutoka kwenye mguu wa mzee mwenye ateri zilizosinyaa, nawe usiichukue kama amri.

Ushahidi kwa vidonda vya miguu ni mwembamba kuliko sifa za mashine. Jaribio linalotajwa zaidi lilichapishwa mwaka 2006, likiwa na wagonjwa 60 waliolazwa. Waliotumia pampu walipona kwa siku 29 kwa kipimo cha kati (yaani nusu yao walikuwa wamepona kufikia siku hiyo), na wenzao waliofungwa kwa kawaida siku 45. Tofauti hiyo inavutia, lakini wagonjwa wote, wa pande zote mbili, walipandikizwa vipande vidogo vya ngozi baada ya sakafu kuwa safi. Wapitiaji wa Cochrane, mtandao wa watafiti wanaopima ushahidi wa tiba, walipokusanya ushahidi mwaka 2015, jaribio waliloliona linafaa lilikuwa hilo moja tu. Ukiisoma kazi hiyo kwa makini, inakuambia kwamba pampu hufupisha safari ya kuelekea kupandikiza. Haikuambii kwamba pampu peke yake hufunga kidonda.

Hatua ya 1: Jua kidonda kimetoka wapi

Kidonda cha vena, ambacho ndicho kingi kuliko vingine, hupenda upande wa ndani wa mguu, juu kidogo ya kifundo. Hakina kina kirefu, kingo zake zimepindapinda, kinatoa maji mengi, na ngozi inayokizunguka imekuwa ya kahawia, ngumu, pengine inawasha. Mguu huvimba kufikia jioni.

Kidonda cha ateri hukaa vidoleni, kwenye wayo au juu ya muundi. Kingo zimesimama kana kwamba kimetobolewa kwa patasi. Mguu ni wa baridi, vinyweleo vimetoweka, na maumivu hupamba moto usiku. Mgonjwa hukuambia mwenyewe kwamba akining'iniza mguu nje ya kitanda anapata nafuu. Sikiliza sentensi hiyo; ni kipimo kisicho na gharama.

Cha kisukari huwa chini ya wayo, hakiumi, na mgonjwa hukigundua kwa kuona damu kwenye soksi. Cha selimundu huwapata vijana, karibu na vifundo, na huuma kupita ukubwa wake.

Halafu kuna viwili vinavyodanganya hata wazoefu. Cha kwanza ni kile chenye kingo za zambarau, kinachopanuka kwa kasi na kuzidi kuwa kibaya kila kinapokatwakatwa. Hicho hutokana na kinga ya mwili iliyokosea njia. Kisu na pampu vitakichokoza, na dawa yake iko kwa daktari wa ngozi. Cha pili ni saratani iliyoota kwenye kidonda au kovu la miaka mingi: kingo zimenyanyuka, nyama imevimba kama koliflawa, inatoka damu kwa kuguswa tu. Kidonda kilichotibiwa vizuri kwa miezi mitatu bila kusogea kikatwe kipande kwenye kingo na kupelekwa maabara. Kuweka pampu juu ya saratani ni kuchochea ukuaji wa kile usichotaka kikue.

Hatua ya 2: Pima damu inayofika mguuni

Usiruke hatua hii kwa sababu umegusa mpigo kwa kidole. Mguu uliovimba huficha mpigo, na kidole chenye hamu ya kuupata husikia mpigo wake chenyewe.

Mlaze mgonjwa chali, apumzike kama dakika kumi. Kwa kifaa cha dopla (kinachosikiliza mwendo wa damu mshipani) na mkanda wa presha, pima mikono yote miwili na uchukue namba ya juu iliyo kubwa zaidi. Kisha pima kifundo cha mguu wenye kidonda, kwenye ateri ya mgongo wa wayo na ile iliyo nyuma ya fundo la ndani, nawe uchukue kubwa kati ya hizo mbili. Gawa ya mguu kwa ya mkono. Ikiwa kifundo ni 96 na mkono ni 150, jibu ni 0.64.

Kati ya 0.9 na 1.3 ateri zinahesabiwa nzima. Chini ya 0.8 kuna upungufu. Bendeji za kukaza kwa nguvu kamili zisitumike, na pampu ikiwekwa iwe kwa kiwango cha chini na uangalizi wa karibu. Chini ya 0.5 acha kila kitu, mgonjwa aonwe haraka na daktari bingwa wa mishipa ya damu. Jibu likizidi 1.3, usifurahi: mara nyingi ni ateri iliyogeuka ngumu kwa chokaa, hasa kwa mwenye kisukari, na mkanda umeshindwa kuibana. Hapo hupimwa presha ya kidole gumba cha mguu.

Hatua ya 3: Tafuta sababu ya kutoiwasha

Pampu haiwekwi kwenye kidonda chenye saratani, chenye maambukizi ya mfupa yasiyotibiwa, chenye gamba jeusi la nyama iliyokufa, chenye tundu ambalo mwisho wake haujulikani, wala mahali ambapo mshipa wa damu au neva iko wazi. Mfupa au kano iliyo wazi inaweza kufunikwa kwanza kwa wavu wa silikoni, baada ya daktari kuamua.

Linaloua ni damu. Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani ilitoa tahadhari mwaka 2009, ikarudia mwaka 2011 vifo vilivyoripotiwa vilipofika 12 katika muda wa miaka minne hivi. Kutokwa damu ndiko kulikotajwa kuwa madhara makubwa kuliko yote, na vingi kati ya vifo vya taarifa ya kwanza vilitokea nyumbani au kwenye vituo vya kulelea wagonjwa, ambako mtu wa kuzima pampu kwa wakati hakuwapo. Kwa hiyo uliza dawa zote, na zile za kuzuia damu kuganda uziulize kwa jina: warfarini, heparini, klopidogreli, aspirini ya kila siku. Dawa hizo hazikatazi pampu moja kwa moja. Zinakutaka uanze na kiwango cha chini, umwangalie mgonjwa saa nyingi za mwanzo, wala usimpeleke nyumbani siku hiyohiyo.

Hatua ya 4: Safisha, kisha pima na upige picha

Sponji haiondoi nyama iliyokufa. Ukiiweka juu ya utando mzito wa njano, siku tatu baadaye utakuta utando uleule, ila unanuka zaidi. Paka krimu ya ganzi, funika, subiri dakika 30 hadi 45, kisha ondoa utando kwa kijiko chenye makali au kisu, mpaka uone nyama yenye afya. Hakikisha damu imekatika kabisa kabla ya kuendelea. Tone dogo unalolidharau litaongezewa mvuto. Ikiendelea kuchirizika, funga kwa gozi la kawaida na uweke pampu kesho yake. Siku moja si kitu kwa kidonda cha miaka mitatu.

Kuosha ni kwa maji ya chumvi ya hospitalini, vuguvugu ikiwezekana. Ngozi ya pembeni ioshwe pia, magamba makavu yatoke.

Andika urefu, upana na kina kwa sentimita, piga picha rula ikiwa kando ya kidonda, na uendelee kufanya hivyo kila wiki, kwa umbali uleule na mwanga uleule. Macho yetu hutaka kuona maendeleo. Rula haina matumaini.

Hatua ya 5: Kufunga

Hapa nitakaa kidogo, maana usiku mzima wa mgonjwa unategemea dakika hizi ishirini.

Mpe dawa ya maumivu nusu saa kabla. Nawa, vaa glavu, tandaza vifaa tasa. Kausha ngozi ya pembeni kabisa, punguza nywele kwa mashine ya kunyolea badala ya wembe, kisha paka kinga ya ngozi na uiache ikauke. Kata vipande vyembamba vya plastiki ya kunata, uvipange kuzunguka kidonda kama fremu ya dirisha. Watu wengi huiruka fremu hiyo, ndipo sponji inapogusa ngozi nzima, na baada ya siku tatu ngozi imevimba, nyeupe, imelowa kama kidole kilichokaa ndani ya maji.

Kata sponji kwa umbo la kidonda, mbali na kidonda chenyewe ili chembe zisidondoke ndani, na uisugue kingo kwa vidole chembe zilizolegea zitoke. Iwekwe bila kushindiliwa. Sponji iliyoshindiliwa hubana mishipa midogo badala ya kuiita. Penye pango chini ya ngozi tumia sponji nyeupe iliyo nzito, kwa kuwa haikatiki ovyo wakati wa kuvutwa. Usiisukume hadi mwisho wa pango, ili pango liweze kujifunga kuanzia ndani. Kama kidonda kinauma sana, tandika wavu wa silikoni kwanza. Nyama mpya huota ndani ya tundu za sponji nyeusi, na kuing'oa bila wavu ni kuchana ulichokiotesha.

Hesabu vipande. Andika idadi kwa kalamu juu ya plastiki, na tena kwenye faili la mgonjwa. Kipande kilichosahaulika ndani ya pango hugeuka chanzo cha usaha, na atakayefungua kidonda keshokutwa huenda si wewe.

Funika kwa plastiki inayovuka kingo kwa sentimita tatu hadi tano za ngozi nzima. Usiivute wakati wa kuibandika: ngozi iliyovutwa hutoa malengelenge. Wala usiizungushe mguu mzima kama pete, kwani mguu ukivimba pete hiyo itakata damu.

Sasa kichwa cha mpira, yaani ncha yake inayobandikwa juu ya sponji. Toboa plastiki tundu la sentimita mbili hivi. Mkato mwembamba hautoshi. Sponji ikinywea mkato hujifunga. Kichwa kikiangukia juu ya muundi, fundo au kisigino, jenga daraja: bandika plastiki kwenye ngozi nzima, laza juu yake ukanda wa sponji uliogusana na ile ya kidondani, upeleke kwenye shavu la mguu au upande wa nje, kisha weka kichwa huko mwishoni. Daraja hula dakika tano za ziada, na huokoa ngozi ya mfupani isipate kidonda cha pili chini ya bendeji.

Washa. Sponji inasinyaa na kuwa ngumu ndani ya sekunde chache. Isiposinyaa, hewa inavuja. Zima redio, inamisha sikio, pitisha kidole polepole kwenye kingo. Mlio kama wa nyoka utakuonyesha mahali. Kwenye miguu, mhalifu wa kudumu ni lile bonde kati ya fundo na kano ya kisigino. Jaza bonde hilo kwa nta laini ya ngozi kabla ya kubandika plastiki nyingine. Kuongeza tabaka baada ya tabaka juu ya bonde tupu hakusaidii. Nimewahi kuhesabu tabaka saba kwenye mguu mmoja, na bado ulikuwa ukipiga mluzi.

Kiwango: 125 mfululizo kwa sponji nyeusi na mguu wenye damu ya kutosha, 75 hadi 80 kwa mwenye maumivu makali, mwenye ateri dhaifu au anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda, 80 kwa dresingi ya gozi. Kuna mtindo wa kuvuta dakika tano na kupumzika mbili, ambao kwenye majaribio ya wanyama uliotesha nyama haraka zaidi. Kwa binadamu mwenye kidonda cha mguu, kila dakika ya saba ni maumivu yanayoanza upya. Mimi siutumii.

Hatua ya 6: Kaza mguu juu ya pampu

Kama kidonda ni cha vena na kipimo cha hatua ya 2 kinaruhusu, bendeji za kukaza hufungwa juu ya dresingi, kuanzia mwanzo wa vidole hadi chini ya goti, kwa mgandamizo wa milimita 40 hivi za zebaki kifundoni, ukipungua kadiri unavyopanda. Hii ndiyo tiba yenyewe ya kidonda cha vena. Pampu ni msaidizi. Nimeona miguu ikinyonywa wiki sita bila bendeji hata moja, majimaji yakijaa kopo kila siku, na kila mtu akistaajabu yanakotoka. Yanatoka kwenye vena ambazo hakuna aliyezishughulikia.

Pamba ya kinga itangulie. Mpira usipite chini ya bendeji: utoe pembeni, uweke pamba mahali unapogusa ngozi.

Na mapema, usingoje kidonda kipone, mpeleke mgonjwa akapimwe vena kwa ultrasaundi. Jaribio la EVRA la Uingereza, lililochapishwa mwaka 2018 likiwa na wagonjwa 450, lilionyesha kwamba walioingizwa mapema kwenye matibabu ya kuziba vena mbovu kwa ndani walipona kwa siku 56 za kipimo cha kati, dhidi ya 82 kwa waliosubiri. Wote walikuwa wamefungwa bendeji.

Hatua ya 7: Kuishi na pampu nyumbani

Pampu hufanya kazi usiku na mchana. Ikizimwa kwa zaidi ya saa mbili kwa siku, dresingi nzima itolewe na kidonda kifungwe kwa gozi lenye unyevu, kwa kuwa sponji iliyozimwa ni tambara la maji machafu lililofungiwa kwenye joto. Mgonjwa aondoke hospitali akiwa na vifaa vya kufanyia hivyo na namba ya simu ya mtu anayepokea usiku.

Kengele ikilia, soma kioo kwanza: kopo limejaa, hewa inavuja, mpira umekunjika au betri inaisha. Mara nyingi mgonjwa ameukalia mpira.

Rangi ya majimaji ndiyo lugha ya kidonda. Ya njano iliyofifia au ya waridi ni kawaida. Mazito, ya kijani na yenye homa, piga simu leo. Damu nyekundu inayokimbia kwenye mpira: zima pampu papo hapo, bonyeza kwa nguvu juu ya dresingi kwa kitambaa safi, inua mguu, ita gari la wagonjwa. Usivute sponji kutafuta inakotoka damu; unaweza kung'oa kinachoziba.

Tembea. Pampu imetengenezwa ibebwe begani, na msuli wa shavu la mguu ukifanya kazi huirudisha damu juu. Ukikaa, zungusha kifundo. Ukilala, mguu uwe juu kuliko moyo, isipokuwa umeambiwa ateri zako ni dhaifu. Kula vyakula vya kujenga mwili kwa wingi, maana kinachojaa kwenye kopo ni protini yako.

Kuna pampu ndogo za kutupwa zisizo na kopo, zinazovuta kwa 80 na kukaa siku saba, majimaji yakipotea kama mvuke kupitia plastiki. Zinafaa kidonda kisicho na kina na chenye maji machache. Kwenye mguu unaobubujika hujaa siku ya kwanza.

Hatua ya 8: Kubadilisha

Kila saa 48 hadi 72. Kidonda chenye maambukizi mapema zaidi. Dawa ya maumivu kwanza. Zima, bana mpira, ingiza maji ya chumvi kwenye sponji, acha dakika 15 hadi 30. Plastiki usiinyanyue juu: ivute sambamba na ngozi, inyooke na kujiachia yenyewe. Toa vipande na uvihesabu dhidi ya idadi iliyoandikwa.

Kila sponji inanuka inapofunguliwa, hata kwenye kidonda kizuri. Osha, subiri, ndipo unuse. Harufu iliyobaki baada ya kuosha ndiyo yenye maana.

Nyama nyekundu yenye punje punje ni habari njema. Iliyopauka inasema damu haifiki. Iliyopondeka, ya zambarau, inasema umevuta au umekaza kupita kiasi: shusha kiwango na urudie kupima ateri.

Hatua ya 9: Kuacha

Baada ya wiki mbili bila badiliko kwenye rula, pampu itolewe na urudi hatua ya 1. Wengi hushindwa hapa: kifaa kimeshapatikana, basi kinaendelea kuvuta.

Sakafu ikiwa nyekundu, safi, na imepanda kufikia usawa wa ngozi, vilevile acha. Ngozi mpya hutambaa kutoka kingo ikiwa nyembamba kama karatasi, na sponji huichuna. Kidonda kikubwa kipandikizwe ngozi sasa. Pampu inaweza kurudi juu ya ngozi hiyo kwa siku nne au tano, wavu wa silikoni ukiwa kati, kuishikilia isiteleze. Kidogo kifungwe kwa dresingi ya kawaida chini ya bendeji za kukaza. Kidonda cha vena kilichopungua eneo lake kwa asilimia 40 ndani ya wiki nne kwa kawaida kitafika. Kisichofika hapo kinahitaji jicho jingine.

Siku ngozi inapofunga, mgonjwa mwenye vena mbovu apimwe soksi za kukaza. Apimwe asubuhi, mguu haujavimba, kwenye kifundo na kwenye shavu. Azivae kabla ya kushuka kitandani, azibadilishe kila baada ya miezi mitatu hadi sita zinapolegea, na jozi ya pili iwepo wakati ya kwanza iko kwenye kamba inakauka.